Waya Mweupe na Jicho la Baba Mkwe

Waya ule niliununua kwa sababu uliendana na mapazia.

Nilikuwa nimesimama kwenye duka la vifaa vya umeme pale Kahama, si mbali na stendi, na kwenye kaunta kulikuwa na aina mbili za waya wa antena. Mmoja ulikuwa mweusi, mnene, mgumu, umejizungusha kwenye bunda lake kama kitu kilichokasirika. Wa pili ulikuwa mweupe, mwembamba, laini, ukiushika unafuata mkono wenyewe. Mapazia ya sebuleni kwangu ni meupe, yana maua ya buluu. Nikamuuliza muuzaji kama kuna tofauti.

"Zote nzuri, Madam," alisema. Alikuwa mmoja wa wale wauzaji ambao kitu chochote utakachokigusa, ndicho hichohicho alichokuwa anataka kukushauri.

"Sasa mbona huu mweusi mgumu hivi?"

"Huo ni wa watu wa madishi."

"Na mweupe?"

"Mweupe ni wa nyumba nzuri."

Baada ya jibu hilo ningeuliza nini tena? Alinipimia mita nilizotaka, au tuseme nilizokisia, maana sikuwa nimepima kitu nyumbani. Nikautia kwenye mkoba, nikatoka mwenye furaha.

Kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi, Kharumwa, na somo langu ni sayansi. Kila mwaka nasimama mbele ya watoto wa darasa la sita na betri, balbu ndogo na kipande cha waya wa shaba, nawaeleza umeme unavyopita na unavyokatika. Nawaambia mwanasayansi huchunguza kwanza, ndipo huamua. Siku ile mwanasayansi aliamua kwanza.

Kahama sikuwa nimeenda kununua waya. Nilikuwa nimemfuata baba mkwe. Mume wangu anaendesha magari makubwa mgodini Geita, hurudi nyumbani akipata mapumziko, kwa hiyo mambo ya familia mengi huniangukia mimi. Baba yake ni mzee wa ng'ombe, anaishi kijijini mbele ya Ushirombo. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, mpaka ikafika hatua anawatambua ng'ombe wake kwa sauti. Akakubali afanyiwe upasuaji hospitali ya Kahama, jicho moja kwanza. Daktari akasema akitoka hapo asiiname, asibebe kitu, na asikae kwenye vumbi. Mtu wa ng'ombe asikae kwenye vumbi! Ikaonekana njia pekee ni aje akae kwetu mpaka apone.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Kwetu Wasukuma mkwe wa kike na baba mkwe hawazoeani. Unampigia magoti kumsalimia ukitazama chini, naye anaitikia akitazama ukutani. Chakula unakiweka, unanawisha mikono, unaondoka. Mimi nimezaliwa na kukulia Shinyanga mjini, Kisukuma changu kina mashimo mengi, lakini adabu hiyo mama alinifundisha vizuri. Tangu niolewe, mzee yule alikuwa hajanitazama usoni hata mara moja, na mimi uso wake nilikuwa naujua kwa kuibia. Sasa tungekaa nyumba moja, mume hayupo. Tutaongea nini? Nikaona dawa ni televisheni. Iliyokuwepo ilikuwa na antena juu ya bomba uani, lakini waya wake wa zamani panya walikuwa wameula. Nikitengeneza televisheni, nilijiambia, mzee atapata wa kumwongelesha.

Mume wangu aliposikia kwenye simu kwamba nafunga waya mwenyewe, alisema, "Msubiri fundi."

"Fundi wa nini? Hujui umeoa mwalimu wa sayansi?"

"Haya," akasema. Wanaume walioko mbali hukubali haraka.

Nilipanda juu ya bati mchana, baba mkwe akiwa chumbani amelala na bandeji yake jichoni. Nilivaa suruali ya mume wangu. Muda huo niliuchagua makusudi, kwa sababu mkwe kutembea juu ya kichwa cha baba mkwe si jambo la kutangaza.

Kazi yenyewe niliifanya kwa fahari kubwa. Waya haukutosha, nikauunga na kipande cha ule wa zamani kilichobaki kizima. Niliusokota kama unavyosokota kamba ya kuanikia nguo, nikauzungushia selotepu. Kwenye pembe ya ukuta niliukunja kabisa, nikaubonyeza kwa kidole gumba mpaka ukalala kama pindo la shuka. Kuushikiza ukutani nilitumia misumari. Mmoja uliingia katikati ya waya wenyewe, nikasema vizuri, huo umeshika. Ndani niliupitisha chini ya zulia, nikauwekea mguu wa kochi juu yake usihamehame. Uani, kati ya bomba na nyumba, ulining'inia kwa kimo kizuri, na kesho yake nikauanikia kanga mbili na shuka.

Televisheni ikawaka. Picha ikaja. Nikajipigia makofi peke yangu sebuleni.

Bandeji ilishatoka, na kwa siku chache mzee alivaa miwani myeusi aliyopewa hospitali. Kisha akaivua, akavuta kigoda, akakaa mbele ya televisheni. Mimi nilikuwa jikoni. Nikamsikia akisema, "Aaah!" Nikatabasamu juu ya sufuria. Nikafikiri ni furaha ya mtu aliyekuwa haoni na sasa anaona.

Sikujua alichokuwa anakiona. Picha zangu zilikuwa nzuri asubuhi, upepo umetulia, mimi ninapojiandaa kwenda kazini. Baada ya hapo mambo yalibadilika, hasa tangu mvua ya kwanza iliponyesha. Msoma habari alikuwa anaganda mdomo wazi. Nusu ya uso wake inabaki pale, nusu nyingine inahamia begani. Watu wanakatika vipande vya mraba, kama vigae, kisha wanajiunga tena wakiwa wamevaa nguo za mtu mwingine. Mimi niliporudi jioni nilikuwa naona kidogo, nikawa nasema ni mtandao. Siku hizi kila kitu kikiharibika ni mtandao.

Nilianza kumwona mzee ana tabia mpya. Anasogeza kigoda karibu na televisheni, halafu mbali. Anafunika jicho moja kwa kiganja, anafunika la pili. Anainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza kitu. Chupa ya matone ya jicho ilikuwa inaisha haraka kuliko tulivyoelekezwa. Na rozari, aliyokuwa anaisali jioni, sasa alikuwa anaisali asubuhi na mchana pia.

Nilipiga magoti nikamuuliza, "Baba, jicho linaendeleaje?"

"Salama, mayu," alijibu akitazama ukuta, akiniita mama kwa Kisukuma. "Tunamshukuru Mungu."

Kwangu ilikuwa salama. Kwa mwanawe ilikuwa hadithi nyingine. Mume wangu alinipigia simu saa za mapumziko ya kazi, sauti imebadilika.

"Mbona huniambii hali ya baba?"

"Hali gani? Mzima kabisa."

"Anasema jicho limeharibika. Anaona watu wanakatikakatika. Anasema hataki kukusumbua, ila anajiandaa kurudi nyumbani akafie kwa ng'ombe wake."

Nilikaa chini jikoni nikalia. Niliona kila kitu nilichokosea: nilimpa maharage yenye moshi, nilifagia vumbi akiwa karibu, nilimruhusu aokote kijiko. Katika makosa yote niliyoyakumbuka, waya haukuwemo. Nilimwomba ruhusa mwalimu mkuu, na asubuhi tukapanda basi kurudi Kahama.

Ndani ya basi mzee alikaa dirishani, mimi nikakaa kiti cha nyuma yake, ndiyo heshima. Tulipopita kundi la ng'ombe wakinywa maji bwawani, akasema peke yake, "Yule mwekundu ana kovu chini ya nundu." Kundi lilikuwa mbali kiasi kwamba mimi, mwenye macho yangu mazima, niliona ng'ombe tu. Mwanasayansi yeyote angeshtuka hapo. Mimi nilitikisa kichwa kwa huruma, nikajisemea maskini mzee wa watu, anaota ng'ombe wake mpaka kwenye basi.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Alimkalisha mzee, akamwonyesha ile chati yenye alama zinazoelekea huku na huku, ambayo mtu huonyesha kwa vidole upande alama ilikoangalia. Mzee alionyesha za juu, akaonyesha za kati, akaonyesha na zile ndogo za chini ambazo mimi kutoka mlangoni nilikuwa nazikisia. Daktari akamulika jicho kwa taa yake, akachungulia kwa muda.

"Mzee, jicho hili ni zuri sana. Tatizo liko wapi?"

"Watu wanakatika," alisema mzee. "Kichwa kinakwenda huku, shingo inabaki. Mwingine anaganda mdomo wazi kama amepigwa na radi."

"Watu wote?"

"Wote."

"Hata mimi nakatika?"

Mzee akamtazama. "Wewe hapana. Labda kwa sababu uko hospitali."

Daktari akaweka taa yake mezani. "Watu hawa wanaokatika huwa wako wapi?"

"Kwenye televisheni."

"Na wale wa nyumbani? Huyu mama aliyekuleta, naye anakatika?"

Mzee alitazama mikono yake. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Sijui," alisema mwishowe. "Ni mkwe wangu. Sijamtazama."

Daktari hakuwa mtu wa kwetu, lakini nadhani alikuwa ameishi huku muda wa kutosha. Hakucheka. Alisema taratibu, "Basi kwa ajili ya matibabu, mzee wangu. Mtazame mara moja tu. Na wewe mama, inua uso."

Nikainua uso. Baba mkwe akageuka. Ana macho madogo, moja lilikuwa bado na ukungu wake, lingine lilikuwa linang'aa kama la mtoto. Alinitazama kuanzia kwenye paji la uso mpaka kwenye kidevu, polepole, kama anavyotazama mnyama mnadani. Nilihisi masikio yanawaka moto.

"Hakatiki," alisema. Kisha akaongeza, "Ana kovu dogo kwenye nyusi."

Ni kweli ninalo. Niliangukia ndoo nikiwa mtoto.

Hapo daktari alicheka. "Basi jicho ni zima. Kinachoumwa ni televisheni. Antena nani aliwafungia?"

"Fundi," mzee alijibu haraka kunisaidia. "Nilimsikia akitembea juu ya bati nikiwa nimelala. Fundi mmoja mzito hivi."

Ningeweza kunyamaza. Fundi asiye na jina angebeba lawama, akaishia hapo. Lakini daktari alikuwa amenigeukia, na uso wangu, ambao sasa kila mtu alikuwa anauona vizuri, haukuwa na pa kujificha.

"Ni mimi," nilisema.

Mzee alishika magoti yake. Mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka daktari akamkataza, kwa sababu ya jicho.

Kutoka hospitali tulikwenda moja kwa moja kwenye lile duka. Muuzaji alinikumbuka. "Madam, umekuja kuongeza mweupe?" Safari hii nilifanya ninachowafundisha watoto. Niliomba akate vipande viwili vifupi, cha mweupe na cha mweusi, nikavitazama kwenye ncha.

Waya wa antena si waya mmoja kama kile kipande cha darasani kwangu. Katikati una uzi wa shaba ambao ndio unaobeba picha. Uzi huo umezungukwa na sponji nyeupe, sponji imezungukwa na karatasi ya kung'aa kama fedha, juu yake kuna wavu wa nyuzi nyembamba zilizosukwa, kisha ganda. Ule wavu na karatasi ndivyo vinavyozuia takataka za hewani zisiingie. Kwenye mweusi wavu ulikuwa umebanana mpaka huoni karatasi chini yake. Kwenye mweupe wangu kulikuwa na nyuzi chache zimetawanyika, kama ndevu za kijana wa sekondari. Mweusi ulikuwa na uzi mnene wa katikati, mweupe una unywele. Na ganda jeupe lilikuwa jembamba, la kukaa ndani ya nyumba, halikutengenezwa lipigwe na jua la Kharumwa.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza muuzaji.

"Hukuuliza ndani kuna nini, Madam. Uliuliza rangi."

Baba mkwe alikuwa ameuchukua mweusi, anaukunja mikononi kama anavyopima kamba ya kufungia maksai. "Huu unakataa kukunjwa," alisema.

"Ndiyo vizuri, baba," nilimjibu, na nilikuwa nimeshamtazama usoni kabla sijakumbuka kwamba haturuhusiwi.

Tulinunua kipande kimoja kirefu, kisicho na kiungo, na vichwa vyake vya kuzungusha kwa mkono, na vile vibanio vya plastiki vya kushikia waya ukutani bila kuutoboa.

Nyumbani nilikabiliwa na tatizo la paa. Mzee alikuwa macho, amekaa sebuleni, na jua lilikuwa linazama. Nilisimama mlangoni nimeshika suruali ya mume wangu, sijui nianzeje. Akaelewa.

"Panda, mayu," alisema. "Mimi nitaangalia televisheni. Sitaangalia juu."

Nikapanda. Nilianza kwa kung'oa waya wa zamani, na kila kipande kilinipa aibu yake. Ganda lilishaanza kupasuka kwa jua. Nilipofungua ile selotepu, maji yalinidondokea kwenye kifundo cha mkono. Shaba ndani yake ilikuwa imegeuka kijani. Pale kwenye pembe ya ukuta, sponji ilikuwa imepondeka kabisa. Msumari wangu hodari, ule ulioshika, ulikuwa umeupita wavu, na waya ukitikisika ulikuwa unagusa uzi wa katikati. Ukichanganya na kanga zilizokuwa zikiuvuta kila siku ya kufua, ajabu ni kwamba msoma habari alikuwa anaonekana hata huo mdomo.

Mweusi niliupitisha kwa adabu. Kwenye pembe uliniambia wenyewe mwisho wa kupinda, nikauacha uzunguke kwa duara pana. Kabla ya kuuingiza dirishani niliuacha ushuke kidogo kisha upande, mvua ikinyesha maji yadondokee pale chini yasifuate waya mpaka kwenye king'amuzi. Kichwa cha waya kilinishinda mara kadhaa, kwa sababu uzi mmoja mwembamba wa wavu ulikuwa unang'ang'ania kugusa shaba ya katikati, na ukigusa tu picha hakuna. Niliukata kwa meno.

Halafu ikabaki kuielekeza antena. Mimi nimeshuka uani nazungusha bomba, mzee ndani anasema picha ikoje. Lugha aliyoitumia ni ile anayowasemesha maksai wakati wa kulima.

"Twende, twende! Polepole! Aah, umepita. Rudi! Rudi nyuma! Kulia, kulia kwako! Simama. Simama hapohapo!"

Jirani alitoka nje kuangalia tunalima nini jioni hiyo. Akaniona ndani ya suruali ya mume wangu, nimekumbatia bomba, nikiamrishwa. Nilimsalimia. Ungefanya nini kingine?

"Tulia hivyo hivyo," sauti ya mzee ikasema kutoka ndani, sasa ikiwa ya chini. "Mayu, wabeja, asante sana. Njoo uone."

Nikaingia ndani. Msoma habari alikuwa mzima, kichwa juu ya shingo, shingo juu ya mabega. Mzee alikuwa amesogea mbele, anamchambua.

"Kumbe huyu mtu ni mzee kama mimi," alisema. "Amepaka kitu usoni."

Baada ya taarifa ya habari ilikuja tamthilia ya nchi za mbali, iliyotiwa maneno ya Kiswahili, na ndani yake mama mkwe mmoja anamtesa mkamwana wake kwenye jumba la ghorofa. Nilitaka kuondoka kama desturi. Mzee alisema bila kugeuka, "Kaa. Huyu mama mbaya atafanya jambo sasa hivi." Nikakaa, mwisho wa kochi, mbali.

Mume wangu aliporudi mapumziko, alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na begi lake begani, hakuna aliyemwona. Baba yake alikuwa anabishana na mimi kwamba yule mkamwana anastahili kupewa shamba, mimi nasema shamba si hoja, ahame ile nyumba kabisa. Nilipogeuka nikamwona mume wangu, nikaruka kupiga magoti, nikakumbuka siyo yeye ninayempigia, nikabaki nimechuchumaa katikati ya sebule.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Nyamaza kwanza," baba yake alimwambia. "Tutakosa."

Mzee alirudi kijijini jicho lilipokaa sawa. Mvua zilipokwisha simu yangu ililia nikiwa ofisini, walimu wenzangu wananisikiliza. Alikuwa yeye, amepiga mwenyewe, amenipigia mimi na si mwanawe. Aliuliza habari za kazi, za mahindi, za watoto wa shule. Akasema anataka sasa wamfanyie na jicho la pili, na kwamba nijiandae kwenda naye Kahama.

"Sawa, baba," nilisema. "Umezungumza na mwanao?"

"Wewe utamwambia," alisema. "Yule mkamwana, alihama?"

Nikamwambia alihama, amepanga chumba, ana kibanda cha maua mjini. Mzee akasema maua hayalipi, angefuga kuku.